Mwache Gaidi Ajute Mapema

Riwaya nyingi za ugaidi wa kibaiolojia hufia maabara. Mwandishi anamweka mtu mwenye glavu chini ya taa nyeupe, anatuzungusha kwenye friji na vichupa, na sura tatu zinakwisha hakuna aliyeugua wala tunayemjali. Kwa maoni yangu sura hizo zitupwe zote. Usalama peke yake ni sababu tosha, maana mwandishi mwenye akili hageuzi riwaya kuwa kitabu cha mapishi. Lakini hata kisanaa hazina faida. Utamu wa hadithi ya namna hii uko kwenye siku zinazopita kati ya tendo na homa ya kwanza.

Bomu halina siku hizo. Likishalipuka, majuto ya aliyelitega hayamfai mtu. Ugonjwa una kipindi cha ukimya: Marburg, kwa mfano, huchukua siku 2 hadi 21 tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zitoke. Siku zote hizo mjini kuna mtu mmoja tu anayejua, na akifungua mdomo Jumatatu watu watapona ambao Alhamisi hawatapona tena. Mhalifu mwenye moyo wa pande mbili anapata kazi ya kufanya hapo. Ukimweka ajute ukurasa wa mwisho, mbele ya bastola ya mpelelezi, umeitupa saa bora kuliko zote ulizokuwa nazo.

Historia inampa mwandishi mifano mizuri. Mwaka 2001 Marekani zilitumwa barua zenye kimeta. Watu 22 waliugua na 5 wakafa. Barua za awamu ya kwanza, pamoja na vitisho vyake, zilimwagiza msomaji anywe penisilini haraka, na neno lenyewe lilikosewa herufi. Mtu anatuma kifo na dawa yake katika karatasi moja! Ukitafuta namna ya kuonyesha moyo uliogawanyika bila kuandika "moyo wake uligawanyika", soma hiyo barua mara mbili. Halafu tazama waliokufa: wafanyakazi wawili wa posta Washington, mhariri wa picha Florida, mfanyakazi wa hospitali New York na bibi wa miaka 94 Connecticut. Maseneta wawili walioandikiwa hawakuugua. Aliyetuhumiwa na FBI, Bruce Ivins, alikuwa mtafiti wa kimeta katika maabara ya jeshi na mwanzoni aliwasaidia wachunguzi kupima vielelezo. Alijiua Julai 2008 kabla ya kushtakiwa, na wapo wanasayansi waliotilia shaka ushahidi dhidi yake. Riwaya ikiiacha shaka ya aina hiyo hai mpaka mwisho haitakuwa imemdhulumu msomaji.

Wa pili ni Ikuo Hayashi, daktari bingwa wa moyo aliyeshiriki shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwezi Machi 1995. Sarini ni kemikali, si kimelea, ila mtu huyu anafaa kusomwa. Alikiri, akawasaidia wachunguzi, akapewa kifungo cha maisha. Wenzake wanne walioachia gesi siku ileile walihukumiwa kifo na kunyongwa Julai 2018.

Sasa tuhamie Dodoma, ambako riwaya kama hii ingekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Wapelelezi wa vitabuni hushtukia ugaidi mgonjwa wa tatu akifika tu. Hapa kwetu haiwezekani, na ni haki isiwezekane. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kutapika, kuvimba matumbo na kugeuka manjano. Waliugua 68, wakafa 20, na chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi waliyoyalima wenyewe. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu 144 nchini na Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi. Kabla ya watu, mifugo ilikuwa ikiharibu mimba ovyo. Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022, wagonjwa 20 walikuja na homa na damu puani, 3 wakafa, vipimo vya Ebola na Marburg vikarudi hasi, ikabainika ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama kama panya. Kwa hiyo daktari wako kwenye riwaya lazima apite kwenye ghala, kisimani, zizini na kwa panya kabla ya kumfikiria binadamu. Si kupoteza muda huko. Kila mlango anaoufunga unambana yule anayejua jibu na kunyamaza. Hata Oregon mwaka 1984, ambapo kikundi cha kidini kiliwaugulisha watu 751 kupitia chakula cha migahawani, mamlaka za afya ziliwashuku kwanza wapishi kwa uchafu. Ukweli ulijulikana mwaka uliofuata.

Mhusika mkuu wa uchunguzi asiwe profesa aliyeshuka na helikopta. Awe tabibu wa zahanati. Anaandika kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje: homa, kipimo cha malaria hasi, amepewa dawa ya maumivu, arudi baada ya siku tatu. Mistari minne chini kuna mgonjwa mwingine wa kitongoji kilekile mwenye maelezo yaleyale, kwa mwandiko wa muuguzi wa zamu nyingine. Hapo mlipuko umeonekana, ila hakuna aliyesoma ukurasa mzima kwa pamoja. Kutoka zahanati taarifa inapanda kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, wa Mkoa, kisha Wizara ya Afya pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma. Kigezo kinachotumika siku hizi ni 7-1-7: siku saba kugundua, siku moja kutoa taarifa, siku saba kukamilisha hatua za kwanza. Mwandishi akivunja riwaya yake vipande vitatu kwa mpango huo, muundo umejipata. Sampuli iliyofungwa tabaka tatu ikisafiri kwa pikipiki kwenye barabara ya vumbi inatosha kuwa sura nzima. Dereva anajua mzigo ni wa haraka tu, hajui ni nini.

Wanaoandika wanasahau pia kwamba ukweli wa kitabibu haushuki siku moja. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa wa Marburg Biharamulo, mkoani Kagera, serikali ikajibu kwamba sampuli zimeonekana hasi, na tarehe 20 Rais Samia akatangaza hapa Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitika, baada ya vipimo vya maabara tembezi ya Kabaile na vya Dar es Salaam. Kwa mhalifu wa riwaya, siku zile za jibu "hasi" ni mateso makubwa kuliko selo. Wote wamepumua isipokuwa yeye.

Nia yake sasa. "Kuichukia dunia" ni uvivu wa mwandishi. Dodoma ina madai mazito kuliko hayo: viwanja. Malalamiko ya ardhi yalikuwa sehemu ya sababu za Rais Magufuli kuivunja CDA, mamlaka iliyogawa viwanja vya Dodoma, mwezi Mei 2017, na mtu ambaye mji umepita juu ya shamba la mama yake ana hasira inayoeleweka hata kama tendo lake halisameheki. Mfanye mtaalamu wa mifugo, si gwiji. Mpe watu. Shangazi yake auze mlenda mkavu soko la Majengo na ampigie simu usiku:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto wa Neema anachemka tangu jana, nimempa Panadol."

"Mpeleke General sasa hivi."

"Saa hizi? Si asubuhi tu?"

"Sasa hivi, shangazi. Natuma hela ya bajaji."

Hajakiri kitu, lakini ameshajitoa. Ndiyo penisilini yake. Tabibu akija kuuliza kwa nini familia moja iliwahi hospitali siku mbili kabla ya wengine, uzi unavutika. Mkamateni gaidi kwa huruma yake. Alama za vidole tumeshazisoma vya kutosha.

Kosa la kawaida baada ya hapo ni kumfanya akiri yote kwa hotuba. Apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Mpokeaji atauliza jina, kata, umri wa mgonjwa, dalili zimeanza lini. Ni maswali mazuri, lakini hakuna hata moja linalomfaa yeye. Mara ya kwanza akate. Mara ya pili ataje kijiji tu.

Sura ya mahakamani iwe moja na iwe fupi, ifuate utaratibu wetu. Akisomewa shitaka chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 mbele ya hakimu mkazi, ataambiwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, hivyo hatakiwi kujibu chochote. Upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa siku 14, anarudishwa rumande. Mtu aliyebeba neno moja kifuani kwa kurasa 300 hatimaye amesimama tayari kulitoa, na utaratibu unamnyamazisha. Mwandishi akifika hapo asiongeze hitimisho.