Kanisa lilikuwa upande gani Wacherokee walipofukuzwa?

Wanaosema dini ndiyo iliyobariki unyang'anyi wa ardhi za wenyeji asilia wa Marekani wana ushahidi. Wanaosema dini ndiyo iliyowapa wenyeji hao watetezi wakubwa nao wanao ushahidi. Huko Georgia, kati ya mwaka 1828 na 1838, pande zote mbili zilikaa ndani ya makanisa yaleyale, wakati mwingine ndani ya mtu yuleyule.

Wacherokee, taifa la wenyeji asilia ambao ardhi yao Georgia iliitaka, walikuwa na serikali miaka hiyo. Sequoyah alikamilisha alama za kuandikia lugha yao mwaka 1821, wakatunga katiba mwaka 1827, na mwaka uliofuata gazeti lao, Cherokee Phoenix, likaanza kuchapwa New Echota, mji wao mkuu, kwa lugha mbili. Georgia haikufurahi. Tangu 1802 serikali kuu ilikuwa imeiahidi jimbo hilo kwamba itawaondoa wenyeji, wakulima wa pamba walikuwa wanasubiri ardhi, kisha ikagunduliwa dhahabu. Andrew Jackson alipoingia madarakani mwaka 1829, Georgia ilijua imepata rais wake.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa watu wa dini. Jeremiah Evarts, katibu wa bodi ya misheni ya Boston, aliandika makala mfululizo magazetini kwa jina la William Penn, akisisitiza kwamba mikataba ni mikataba, hata kama uliyesaini naye ni mnyonge. Catharine Beecher aliwahamasisha wanawake wapeleke maombi Bungeni, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wakati ule. Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alihutubia kwa siku tatu. Hata hivyo muswada wa kuwahamisha wenyeji ulipita Seneti kwa kura 28 dhidi ya 19, na Baraza la Wawakilishi kwa 102 dhidi ya 97. Kura tatu tu zingehama upande, muswada ungeanguka.

Wafuasi wa Jackson walijibu kwamba makanisa ya kaskazini yanawatumia Wacherokee kumpiga vita rais, na kwamba watu wa New England wana ujasiri gani wa kuihubiria Georgia, ilhali wenyeji wa kwao walikwisha kumalizwa zamani. Hoja hiyo haikuhalalisha kumfukuza mtu nyumbani kwake, lakini haikuwa ya uongo mtupu. Na wapo watu wa dini waliounga mkono uhamisho kwa dhati. Isaac McCoy, mmisionari wa Kibaptisti, aliamini kwamba wenyeji wakibaki karibu na walowezi watamalizwa na pombe na dhuluma, hivyo akaenda magharibi kuwatafutia nchi. Simwoni kama mnafiki. Kosa lake lilikuwa kuona dhuluma ya walowezi kama mvua, kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kukizuia.

Tena, hata watetezi walikuwa na mguu kwenye mtumbwi wa serikali. Tangu 1819 Bunge lilitenga dola 10,000 kila mwaka za kuwastaarabisha wenyeji, na sehemu ya fedha hizo iliendesha shule za misheni. Mara nyingi sifa ya Mcherokee machoni mwa wafadhili ilikuwa nyumba yake, jembe lake na Biblia yake. Kuna jambo hapa linaloniuma: matajiri waliotajwa kama mfano wa ustaarabu walikuwa na watumwa weusi mashambani mwao, na sensa ya 1835 iliwahesabu watumwa hao kuwa zaidi ya 1,500.

Mtihani wenyewe ulikuja Georgia ilipoamuru kila mzungu anayeishi kwa Wacherokee ale kiapo cha utii kwa jimbo. Samuel Worcester, mmisionari wa bodi ya Boston, alikuwa pia mkuu wa posta New Echota, kazi iliyomkinga kama mtumishi wa serikali kuu. Serikali ya Jackson ikamvua cheo hicho, na kinga ikaondoka nacho. Mwenzake, daktari Elizur Butler, alikamatwa Julai 1831, akafungwa mnyororo shingoni kwa kufuli, ncha ya pili ikafungwa kwenye shingo ya farasi. Wazungu 11 walihukumiwa miaka minne ya kazi ngumu. Tisa wakakubali msamaha wa gavana. Worcester na Butler wakakataa, ili kesi ifike Mahakama ya Juu.

Wakashinda. Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Georgia ikaipuuza hukumu, na Jackson hakunyanyua kidole. Mwishoni mwa mwaka South Carolina ikatangaza kubatilisha ushuru wa serikali kuu, na ikahofiwa kwamba Georgia ingejiunga nayo. Bodi ya Boston, ambayo ilikuwa imempoteza Evarts mwaka 1831, iliwashauri wafungwa wake waache kesi. Wakaacha, na Januari 1833 wakawa huru.

Nawaelewa. Walikuwa wamekaa gerezani zaidi ya mwaka, na vita vya ndani vilinukia. Lakini haki iliyoachwa mezani siku ile haikuwa yao. Ilikuwa ya Wacherokee, waliokuwa bado wanakataa kuuza. Ndiyo maana siafikiani na wanaoisifu misheni kwa ushujaa wa 1831 kisha wanakatiza hadithi hapo.

Mhariri wa kwanza wa Phoenix, Elias Boudinot, Mcherokee aliyesomeshwa katika shule ya bodi hiyohiyo, naye alifikia uamuzi kwamba kuhama hakuepukiki. Desemba 1835 alisaini mkataba wa New Echota, wa kuuza nchi yao na kuhamia magharibi, pamoja na kikundi kidogo, bila idhini ya chifu mkuu John Ross. Mwaka 1838 jeshi likawakusanya watu kambini, kisha wakapelekwa magharibi. Kati ya watu wapatao 16,000, inakadiriwa karibu 4,000 walikufa.

Walikuwepo wamisionari waliotembea nao njia nzima. Mbaptisti Evan Jones alisaidia kuongoza msafara mmoja, na mhubiri Mcherokee, Jesse Bushyhead, akaongoza mwingine. Huko magharibi Wacherokee walipima wenyewe: makanisa ya Kibaptisti ya Jones na wahubiri wenyeji yakawa na waumini wengi kuliko ya Boston, na mwaka 1860 bodi ikaifunga misheni yake.