Msiniulize kama inafika Morogoro, niulizeni inalala wapi

Kila anayegundua kwamba gari langu ni la umeme ana swali lilelile: "Sasa hiyo inafika Morogoro?" Haifiki. Ni Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya uniti 24, uniti zilezile mnazonunua kwenye LUKU, na ilishuka kutoka Japani ikiwa imekwisha kupoteza baadhi ya vile vijiti 12 vya kuonyesha uhai wa betri. (Redio yake bado inanisemesha Kijapani, nimeshazoea.) Kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 na ushee. Ila tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR, nayo inatembea kwa umeme, kwa hiyo Morogoro naenda nikiwa nimeegemea kiti.

Kwa maoni yangu hofu hii ya umbali tumeiazima kwa watu wa nchi ambako mtu huendesha masaa matatu kwenda kumwona shangazi kisha akarudi jioni. Sisi wengi wetu ni Kimara–Posta, Tabata–Mjini, Tegeta–Mwenge. Kimara hadi Posta kwenda na kurudi haifiki kilomita 40. Na foleni inayowatesa wenzangu mimi hainitishi: gari la petroli likikwama Ubungo linaendelea kunywa mafuta, langu likisimama kinachokula ni kiyoyozi tu, nacho si mlafi sana. Kwa uniti 15 hivi kila kilomita 100, siku ya kazi inakula uniti tano au sita. Kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti, ni kama elfu mbili. Gari la petroli la kilomita kumi kwa lita lingetaka lita tatu na nusu, na lita tumezoea kuilipia karibu shilingi 3,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Tatizo linaanza gari likishafika nyumbani.

Ukiwa na nyumba yako na geti lako, huna shida kubwa. Lakini Dar ni mji wa wapangaji, na mpangaji wa Dar mara nyingi anachangia LUKU na wenzake. Mnajua wenyewe vikao vya LUKU: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani anauza barafu. Sasa leta gari hapo. Hata ukisema utalipa uniti zako zote, kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Mteja mdogo wa nyumbani anapata uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Akizidi hapo, anaruka hadi karibu 350. Gari la kwenda kazini tu linamaliza uniti 75 hata kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo familia mbili za uani zilizokuwa zikiishi kwa kubana matumizi umezipandishia bei, na hawajawahi hata kupanda hilo gari. Jirani akinuna, ana haki. Mimi nasema anayetaka gari la umeme kwenye nyumba ya kupanga aanze na mita yake mwenyewe, na mazungumzo na mwenye nyumba yatangulie yale ya kwenye yadi ya magari.

Halafu kuna waya. Chaja ya kawaida ya kuchomeka ukutani inavuta takriban ampea kumi. Pasi pia inavuta karibu hivyo, lakini pasi ni dakika kumi na unazima. Gari linavuta usiku kucha. Soketi ya bei poa iliyolegea itapata moto, itanuka, na mwisho itayeyuka. Ekstensheni iliyokunjwa chini ya zulia ni hatari zaidi. Fundi mzuri atakuvutia waya mnene wa peke yake kutoka mein swichi, akuwekee breka yake na ethi ya kweli, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nasema ya kweli kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna kitu. Chaja nyingi hupima ethi kwanza, zikiikosa zinagoma, na mwenye gari anadhani kauziwa chaja mbovu. Fundi akikwambia aunganishe ethi na nyutro ili chaja "idanganyike", mpe nauli aende zake.

Umeme kukatika? Unakera, ila ukilala na chaji ya siku mbili hukwami. Kinachonisumbua zaidi ni umeme mdogo wa saa mbili usiku, mtaa mzima unapopika na kuwasha feni. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini transfoma ya mtaa ikielemewa, megawati hizo zinabaki huko huko Rufiji. Kwa hiyo nimeseti gari lianze kuchaji usiku wa manane. Betri nayo inashukuru, maana Leaf haina mfumo wa maji wa kuipooza, na kuichaji ikiwa imetoka kushinda juani Posta ni kuizeesha.

Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, na usiku inashuka nusu. Mimi LUKU yangu inanitoza saa nane usiku sawa na saa nane mchana, wakati kwa kuchaji usiku nawapunguzia TANESCO mzigo. EWURA, wanaosimamia bei za umeme, walitazame hilo.

Na nyie mnaojenga apatimenti Goba na Madale: kabla hamjamwaga zege la uwanja, pitisheni paipu tupu kutoka kwenye mita hadi kila sehemu ya kuegesha. Waya mpangaji atanunua mwenyewe.