Fuvu la Kalenga na Maswali ya Kiporo

Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini. Katika makumbusho yake madogo limehifadhiwa fuvu la binadamu lenye tundu la risasi, na mgeni huelezwa kuwa ni la Mtwa (mtawala wa Wahehe) Mkwawa, aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka saba. Wahehe wanalienzi kama fuvu la babu yao. Ila ushahidi kwamba ni lake kweli, ukiutandaza mezani na kuukagua kipande kimoja kimoja, haufiki mbali.

Watu wa soka wana neno linalofaa hapa: kiporo. Mechi haijachezwa, haijafutwa, na msimamo wa ligi unaendelea kusomwa huku kila mtu akijua nani ana kiporo. Kalenga ina kiporo tangu 1954. Kwa kuwa vipimo vya vinasaba sasa vipo, hoja ya kukicheza ina uzito. Hoja ya kukiacha nayo ina uzito, na ubishi huu, wa kutafuta jibu au kuishi na swali, unafika hadi sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kalenga.

Tuanze na yasiyo na ubishi mkubwa. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha afisa wa Kijerumani Emil von Zelewski. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akaingia porini, rupia 5,000 zikatangazwa kwa atakayeleta kichwa chake, na Julai 19, 1898, alipoona amebanwa, akajipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa Wajerumani Iringa. Mwili ukazikwa Mlambalasi.

Baada ya hapo uzi unakatika. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. (Kifungu hichohicho kinadai pia irudishwe Kurani ya Khalifa Uthman. Mkataba wa kufunga vita kuu ya dunia, na ndani yake mna kichwa cha Mhehe.) Wajerumani wakajibu kwamba hawajui liliko. Ikapita zaidi ya miaka 30 hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakachambuliwa kwa kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Likapatikana moja lenye uwiano wa upana kwa urefu wa 71 na tundu la risasi. Juni 19, 1954, likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Uwiano huo ni hesabu nyepesi: upana wa fuvu, gawanya kwa urefu wake, zidisha kwa 100. Fuvu la urefu wa milimita 180 na upana wa milimita 128 linatoa 71. Mpimaji akikosea milimita mbili tu kwenye upana, anapata 72. Halafu kichwa cha jamaa aliye hai kina ngozi na nyama juu ya mfupa, kwa hiyo namba yake haiwekwi sawasawa na ya fuvu kavu bila kusahihishwa kwanza. Hata hesabu ikitoka safi, wenye 71 ni wengi mno. Kipimo cha namna hii kinaweza kumwondoa mtu kwenye orodha. Kumtambua mtu hakiwezi.

Ukitazama vizuri, njia iliyotumika Bremen na ramli ni mapacha. Mganga anayepiga ramli naye huanza na kundi kubwa: ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu. Hulipunguza kwa alama ambazo mteja mwenyewe kaja nazo mfukoni: nani waligombana, nani alidai shamba, nani hakuja kwenye msiba. Mwisho anabaki na jina moja. Mteja hawezi kuondoka mikono mitupu, ndiyo sababu jibu hupatikana kila mara. Tofauti ni kwamba Bremen walichagua mfupa, na ramli huchagua mtu anayepumua.

Mara nyingi husemwa kwamba wazee wetu waliishi vizuri na maswali, wakasema Mungu kapenda na kulala. Historia ya Nyanda za Juu Kusini haisemi hivyo. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ya kumpasua marehemu ili kutafuta tumboni dalili za uchawi. Mwavi nao, sumu ya gome la mti, ulikuwa mashine ya kutoa majibu: aliyetapika hana hatia, aliyekufa ndiye mwenyewe. Kati ya vyombo hivyo hakuna hata kimoja kilichoweza kusema "sijui". Sheria ya Uchawi ya 1928, inayofanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, imejaribu kuvifunga, lakini haikuweka mahali pa mtu kuliweka swali lake. Hapo ndipo wapiga ramli chonganishi wanapopatia riziki hadi leo, Mbeya ikiwamo.

Kwa hiyo wanaosema tafuteni majibu wana haki, tena kubwa kuliko wanavyopewa. Maswali mengi ya msiba yana majibu. Yanapotea kwa uzembe wa saa za mwanzo. Kifo cha ghafla au cha utata kinapotokea, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa polisi, kwa kuwa ndio wanaoomba uchunguzi wa mwili. Hatua ya pili, inayosahaulika zaidi, ni kuwaambia watu wa mochwari kabla mwili haujachomwa dawa ya kuhifadhi. Fomalini inaharibu kipimo cha sumu: baadhi ya kemikali inazibadilisha, na damu yenyewe haifai tena. Damu, mkojo, vilivyomo tumboni na kipande cha ini vichukuliwe kwanza, vifungwe kwa lakiri, na kila anayevipokea asaini. Sampuli za kanda hii zina pa kwenda karibu, kwa kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya. Makosa yanajirudia yaleyale. Mwili unatoka Dar es Salaam kwenda Tukuyu, safari ya zaidi ya kilomita 800, umeshachomwa dawa ili usiharibike njiani, halafu wanaukoo wanadai kipimo cha sumu wakiwa makaburini.

Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa kwa wakati na kwa ustadi unaweza kuisha bila jibu. Moyo uliosimama kwa hitilafu ya mapigo, misuli na mishipa ikiwa mizima, huenda usiache alama inayoonekana kwa kisu wala kwa darubini. Kifo cha ghafla cha mwenye kifafa ni vivyo hivyo. Daktari anayeandika kwamba chanzo hakikuthibitika amefanya kazi yake. Tatizo linaanza karatasi hiyo ikifika nyumbani, maana familia huisoma kama ushahidi kwamba kuna kilichofichwa.

Hapo pana kazi moja ndogo ambayo ina faida kubwa, nayo ni wasifu wa marehemu. Msemaji wa familia akisoma "aliugua ghafla na kufariki", ameacha pengo, na pengo hilo litajazwa usiku uleule na wanaoota moto. Mwezi Julai kule Makete au Njombe watu huota moto hadi alfajiri. Muda wa kujaza mapengo upo tele. Akisoma "alianguka saa mbili usiku, alifikishwa hospitali saa tatu, uchunguzi ulifanyika tarehe fulani, sumu haikuonekana, chanzo hakijapatikana", bado hajajibu swali, lakini ameliwekea ukuta. Sentensi "sumu haikuonekana" imeshawaokoa watu wawili watatu ambao majina yao yangetajwa. Wapo watakaosema hayo ni kuanika mambo ya marehemu hadharani, na kwa magonjwa yenye unyanyapaa nakubaliana nao. Kwa kifo kisichoeleweka, usiri ndio mafuta ya uvumi.

Aliyepotea ni mzigo mwingine, maana hakuna hata mwili wa kuulizia. Mume kaenda machimboni Chunya na simu yake haipatikani. Je, mke ni mjane au ameachwa? Sheria ya Ndoa ya 1971 inatoa njia ambayo naiona ya busara kuliko hotuba nyingi za kufariji: mwenzi asiposikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, huchukuliwa kuwa amefariki, isipokuwa uthibitike ukweli tofauti. Jibu hilo ni la muda, limewekewa tarehe, na mlango umeachwa wazi. Ili lifanye kazi, miaka hiyo lazima ihesabike. Taarifa ya polisi na namba yake itunzwe, tarehe ya simu ya mwisho iandikwe, na majina ya waliomwona mwisho yawepo. Anayengoja bila kuandika chochote hufika mwaka wa tano bila cha kumwonyesha hakimu.

Yapo pia maswali yasiyodai lolote. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye uzito wa takribani tani 16, kipo pale Ndolezi, na wanasayansi walikifahamu mwaka 1930. Lini kilianguka? Hakuna shimo la kishindo, wala masimulizi ya wenyeji hayakumbuki siku hiyo. Mtu anaweza kuzeeka Vwawa akipita na swali hilo na lisimdhuru.

Lipimwe, basi, fuvu la Kalenga? Wanaotaka lipimwe wana mfano mkononi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki; kwa machache, vinasaba vilioana na vya jamaa walio hai Kilimanjaro. Kwa hiyo kazi hiyo inawezekana. Lakini mafuvu ya Berlin yalikuwa kwenye makasha bila wenyewe, na kipimo kiliwapa ndugu kitu walichokuwa hawana. Kalenga wanacho tayari. Hapo kipimo kinaweza pia kupokonya.

Na kipimo chenyewe kina mipaka ambayo washabiki wake huipita haraka. Vinasaba vya fuvu kuukuu hutafutwa kwenye mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa kuutoboa. Unga unaohitajika haufiki gramu moja, ila tundu linabaki. Fuvu lililochemshwa ili kuondolewa nyama huwa limepoteza sehemu ya vinasaba, na lililoshikwashikwa kwa miongo mingi hubeba vya walioshika. Lazima maabara mbili zifanye kazi bila kuambiana. Kulinganisha nako kuna mtego. Wajukuu na vitukuu wa upande wa kiume wanarithi kromosomu Y, lakini ndugu zake Mkwawa na baba zake wadogo walikuwa na hiyohiyo. Mdogo wake, Mpangile, aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala kisha wakamuua 1897. Y ikioana, umejua ukoo, hujamjua mtu. Na isipooana, inatosha baba mmoja asiye wa damu katika vizazi vinne au vitano ili jibu liwe la uongo, tena liibue swali jipya ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kipo kipimo kisicho na mtego huo: kulinganisha fuvu na mifupa iliyozikwa Mlambalasi. Mtu mmoja, vinasaba vilevile. Gharama yake ni kufukua kaburi.

Hoja inayonisumbua zaidi si ya wanahistoria. Kama fuvu si la Mkwawa, ni la mtu mwingine aliyepigwa risasi, aliyesafirishwa hadi Ulaya, na ambaye kwao hawajui aliko. Kuliacha swali kwa ajili ya amani ya Kalenga ni kumwacha huyo bila jina. Hiyo ndiyo sababu pekee inayotosha, kwa maoni yangu, kutoboa mfupa, na hata hiyo haitoshi kufukua kaburi. Kabla ya yote, ukoo na Makumbusho ya Taifa waandikiane wakijibiwa "siye" watafanya nini: fuvu litakwenda wapi, nani atatangaza, kwa maneno gani, na sherehe za Kalenga zitaendelea vipi. Maabara inayopokea sampuli kabla karatasi hiyo haijasainiwa inatafuta sifa tu.

Wakati huohuo kuna kazi isiyoumiza mtu. Daftari za Bremen zipekuliwe kuona kila moja ya mafuvu yale 84 liliingia mwaka gani na kutoka kambi ipi. Fuvu lenyewe lipigwe CT skani, ambayo haitoboi chochote na inaonyesha risasi iliingilia wapi. Na mgeni wa Kalenga aelezwe, kwa kibao cha mistari mitatu: fuvu hili lilichaguliwa Bremen kwa kipimo cha umbo na tundu la risasi, lilipokelewa hapa Juni 19, 1954 kama la Mtwa Mkwawa, na halijapimwa vinasaba.