Mpaka Usioonekana kwenye Skrini

Usiku mmoja wa Desemba, upepo wa kaskazi ukiwa umekwisha kufagia mawingu, mpwa wangu alipanda na kipakatalishi juu ya paa la nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, akafungua Stellarium, programu inayoonyesha anga ya nyota, akaichagua Zohali na kubonyeza kitufe cha mkwaju (/). Anga nzima ilimjia mbio mpaka sayari ikajaa kwenye skrini, pete zake zikiwa safi kama ukingo wa sahani. Kisha akainua macho juu.

“Mjomba, mbona huku ni nukta tu?”

Naipenda programu hiyo, ambayo ilianzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau na hupatikana bure, lakini nina ugomvi na wepesi wake wa kukuza. Darubini ya kweli hukuza kwa taabu: taswira hufifia, hutetemeka kwa joto linalopanda kutoka kwenye mabati ya majirani, na hufika mahali ikagoma. Programu haigomi. Huanzia kwenye kile kinachoonwa na jicho, ikapita kile cha darubini, ikaishia kwenye umbo lililokokotolewa na kuvikwa picha, yote kwa mwendo mmoja laini usioonyesha mpaka wowote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtoto anapodanganyika, na hata mtu mzima.

Dawa yake imo humo humo, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya skrini: upana wa eneo linaloonekana, kwa digrii. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika digrii 10 hivi, na mwezi mpevu, pamoja na fahari yake yote, una nusu digrii tu. Zohali je? Ungelazimika kupanga yapata Zohali 45, kila moja na pete zake, ndipo safu ivuke uso wa mwezi. Nilipomweleza hivyo, mpwa wangu aliitazama tena ile nukta, safari hii kwa heshima kidogo.

Tena viko vitu ambavyo ukivikuza unavipoteza. Kilimia, lile fungu la nyota ambalo wazee wa pwani walilitumia kukisia majira, na ambalo methali yasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kimetandaa kiasi cha digrii 2. Ukikisogeza karibu mno unabaki na nyota mbili tatu za buluu zilizoachana, nalo fungu lenyewe limetoweka. Fungu hilo lina nyota zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 440, lakini uzuri wake unataka nafasi ya kuenea.

Kwa hiyo tulirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Tulipanua eneo mpaka digrii 6, ambazo ni karibu sawa na zinazoonwa kwa darubini ya mkononi ya kawaida, tukazipa mgongo taa za bandari ya Kilindini, nami nikamkabidhi ile darubini kuukuu niliyonunua kwa baharia mmoja. Aliegemeza viwiko vyake ukutani ili mikono isitetemeke, akakitafuta Kilimia kwa muda mrefu, akanyamaza. Kipakatalishi kilijizima chenyewe kando yake, naye akaendelea kuhesabu kwa sauti ya chini: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini.