Msimrudi mtu kwa niaba ya Mungu

Jumamosi iliyopita tulikuwa msibani Kibirizi, hapa Kigoma. Turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, kina mama wamekaa kwenye mikeka, uani maharage ya mawese yanachemka. Jirani yangu amefiwa na mtoto wa miaka miwili. Malaria, siku tatu tu. Mkononi ameshika kadi ya kliniki ya mwanawe. Anaikunja, anaikunjua, anailainisha mikunjo kwa kidole gumba, anaikunja tena. Nilikuwa karibu, niliiona. Mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri, mwezi hadi mwezi.

Akasimama mzee mmoja wa kanisa kutoa neno la faraja. Akafungua Waebrania 12 akasoma: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi, naye humpiga kila mwana amkubaliye." Akaeleza kwamba Bwana anamrudi dada yetu, yaani anamwadhibu ili amfundishe jambo, basi ajichunguze. Yule mama akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akauliza kama mtu anayetaka jibu kweli: "Baba, kwani nilimkosea nini?"

Hakuna aliyejibu. Wimbo ukaanzishwa. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Andiko lile naliamini, na nina sababu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa waliadimika na bei ikapanda. Mimi niliyekuwa na akiba ya dagaa wakavu nikachukua kopo langu la kupimia, nikaligonga kitako kwa nyundo likabonyea kwa ndani. Kwa macho ni kopo lile lile. Nilipima hivyo kwa wiki kadhaa, nikiwapimia wajane, nikiwapimia watu ninaoshiriki nao meza ya Bwana. Kisha bodaboda ikanimwaga barabarani, mguu ukavunjika, nikalala kitandani wiki tisa. Katika wiki zile nililiona lile kopo kila nilipofumba macho. Nilipoweza kusimama nililitupa, nikaanza kuwatafuta watu mmoja mmoja na kuwaongezea. Wapo ambao sijawapata mpaka leo. Nasema Mungu alinirudi, na nasema alinipenda. Asingenipenda angeniacha nizeeke na kopo lile.

Lakini angalieni nani alijua habari ya kopo. Mimi na Mungu. Waliokuja kunitazama hawakujua kitu, na wangeniambia "Bwana anakurudi" wangekuwa wanabahatisha tu juu ya mguu wangu. Maneno yale ni yangu kuyasema juu yangu. Hapo ndipo tunapokosea, na tunakosea vibaya, kwa watu walio wepesi kuumia kuliko wote.

Msomeni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Katika Ayubu sura ya 5 anamwambia Ayubu, aliyezika watoto kumi, kwamba ana heri mtu ambaye Mungu amrudi, asiyadharau marudio ya Mwenyezi. Ni fundisho lile lile la Mithali 3 na la Waebrania 12. Na katika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na juu ya wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama alivyonena Ayubu. Ayubu aliyelalamika, aliyeilaani siku aliyozaliwa, ndiye aliyenena sawa! Elifazi mwenye andiko ndiye aliyetakiwa kupeleka sadaka na kuombewa na mgonjwa wake. Kitu kizuri walichofanya marafiki wale kiko sura ya 2: waliketi chini na Ayubu siku saba mchana na usiku, hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Wangeondoka siku ya nane wasingekuwa na kosa.

Najua mtanitajia Daudi, kwamba mtoto wake alikufa kwa ajili ya dhambi. Ni kweli, imeandikwa, siwezi kuifuta. Ila nabii Nathani alitumwa na Bwana, na alitaja dhambi yenyewe kwa jina lake. Mzee wetu hakutaja kitu. Alimwacha mama aende kuitafuta mwenyewe gizani, na mama aliyefiwa akitafuta atapata tu: siku aliyomchapa mtoto, siku aliyochelewa kurudi kutoka sokoni, usiku ambao chandarua kilikuwa kimetoboka.

Na malaria ni mbu. Mkoa wetu ni kati ya mikoa inayoumwa sana malaria nchini, na mbu haulizi nani anasali.

Waebrania yenyewe iliandikiwa watu walionyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani, watu waliokuwa karibu kukata tamaa. Neno la Kiyunani pale ni paideia, malezi ya mtoto. Mwandishi anawaambia wasidhani Baba amewatupa. Mara baada ya hapo anawaagiza waiinue mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza. Pale Kibirizi mikono iliyolegea ilikuwa mbele yetu, imeshika kadi ya kliniki.

Juzi jioni nilikwenda kwake. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, nikamsaidia upande wa pili. Tulifika katikati ndipo akaniuliza kama na mimi nafikiri alivyofikiri yule mzee. Nikanawa mikono, nikachukua Biblia yake, nikamsomea Ayubu 42, pale Mungu anapomkasirikia Elifazi. Alikuwa amesimama na dagaa viganjani.

"Rudia hapo, kaka."

Nikarudia.