Jedwali la amri katika C: ufafanuzi ubebe mzigo, fanksheni itende tu

Programu nyingi za C zenye kitafsiri amri, yaani sehemu inayosoma mstari alioandika mtumiaji na kuita fanksheni yake, huanza na `if (strcmp(neno, "led") == 0)`, inafuata `else if`, kisha nyingine, kisha nyingine tena. Amri tano za kwanza hazisumbui. Zikifika ishirini, maandishi ya `help` yanasema hili na fanksheni inafanya lile. Ukaguzi wa idadi ya hoja (maneno yanayofuata jina la amri) umeandikwa kwa namna nne, na mahali pamoja haukuandikwa kabisa. Mtu anapiga `pwm` bila namba, programu inasoma `argv[1]`, yaani hoja ya kwanza, ambayo ni NULL, bodi inajiwasha upya na hakuna anayejua kwa nini.

Msimamo wangu ni huu: kila kinachojulikana kuhusu amri kabla haijatekelezwa kikae kwenye ufafanuzi wake, kama data, na kitafsiri ndicho pekee kinachokisoma. Fanksheni ya amri ibaki na kazi ya kutenda.

```c
typedef int (*kitendo_t)(int argc, char *argv[], void *mazingira);

typedef struct {
    const char *jina;
    kitendo_t   kitendo;
    const char *matumizi;
    const char *msaada;
    uint8_t     min;
    uint8_t     max;
    uint8_t     bendera;
} amri_t;

static const amri_t amri[] = {
    { .jina = "led", .kitendo = amri_led, .min = 1, .max = 2,
      .matumizi = "led <namba> [on|off]",
      .msaada = "Onyesha au badilisha hali ya taa" },
    { .jina = "futa", .kitendo = amri_futa, .min = 2, .max = 2,
      .bendera = JINA_KAMILI,
      .matumizi = "futa <anwani> <urefu>",
      .msaada = "Futa eneo la flashi" },
};
```

Pointa zimetangulia na baiti moja moja zimekaa mwisho. Kwenye ARM ya biti 32 mpangilio huu unachukua baiti 20 kwa kila amri: pointa nne ni baiti 16, sehemu tatu ndogo ni 3, na kompaila inajazia 1. Ukizichanganya, `min` ikae kati ya pointa mbili, `max` kati ya nyingine mbili na `bendera` vivyo hivyo, kila moja inavuta baiti tatu za kujazia na jumla inafika 28. Kwa amri arobaini hiyo ni tofauti ya baiti 320, bila faida yoyote.

Neno `const` hapo si pambo. Likiwepo, jedwali linakaa kwenye `.rodata`, sehemu ya data isiyobadilika, yaani ndani ya flashi kwa maikrokontrola za Cortex-M. Likikosekana, jedwali linaingia `.data`: nakala moja kwenye flashi, nyingine inayonakiliwa RAM wakati wa kuwaka. Chukua STM32F030F4 yenye RAM ya kilobaiti 4. Amri arobaini ni baiti 800, karibu moja ya tano ya RAM yote, imeliwa na vitu ambavyo havibadiliki kamwe. Kwenye AVR kama ATmega328P, `const` peke yake haitoshi, kwa sababu flashi na RAM zina nafasi tofauti za anwani. Unahitaji `PROGMEM`, alama ya kuweka data kwenye flashi, na hapa wengi hunaswa: `PROGMEM` kwenye jedwali inahamisha pointa tu, maneno yenyewe yanabaki RAM. Ama kila stringi itangazwe peke yake kwa `PROGMEM`, ama jina liwe safu ndani ya muundo, mfano `char jina[10]`, na ulinganisho ufanywe kwa `strcmp_P`. Mimi napendelea safu. Zinapotea baiti chache za flashi, lakini jedwali linabaki linasomeka.

Kutaja majina ya sehemu kwa nukta, `.min = 1`, kumeruhusiwa tangu C99, na sioni sababu ya kuandika jedwali la amri kwa namna nyingine. Ukiandika kwa mpangilio tu, `1, 2`, siku mtu akibadilisha nafasi ya `min` na `max` kwenye muundo kompaila haitasema neno, maana zote ni namba. Faida ya pili ni kwamba usichokitaja kinakuwa sifuri. Basi tengeneza muundo ili sifuri iwe ndiyo hali salama kuliko zote. Ukisahau `max`, amri inakataa hoja zote. Utagundua dakika hiyo hiyo. Kwa ruhusa, usiweke bendera ya `LAZIMA_AINGIE`, weka `BILA_KUINGIA`. Anayesahau kuandika bendera ya kwanza ameacha mlango wazi kwa kila mtu. Anayesahau ya pili ameufunga, na atalalamikiwa haraka.

Idadi ya hoja inachanganya kuliko inavyoonekana, kwa sababu mifumo mashuhuri haikubaliani kuhusu namna ya kuhesabu. Redis, ambayo ni hifadhidata, inahesabu jina la amri pia: GET ni 2, na SET ni -3, ambapo alama hasi ina maana ya “angalau”. FreeRTOS+CLI, kitafsiri amri cha FreeRTOS, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, haihesabu jina, na -1 kwake ni idadi yoyote. Zephyr, mfumo endeshi mwingine wa aina hiyo, kwenye makro yake `SHELL_CMD_ARG`, inahesabu jina ndani ya hoja za lazima, kisha hoja za hiari inaziweka kando. Hakuna aliyekosea, ila anayehamisha amri kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine atakosea kwa moja. Nachagua `min` na `max` bila jina, kwa kuwa ndivyo mtumiaji anavyohesabu akiangalia mstari wa matumizi, na nakwepa namba hasi zenye maana ya siri. Kitafsiri kinalinganisha `argc - 1` na mipaka hiyo, na ikikataa kinachapa `matumizi` kutoka kwenye jedwali. Fanksheni ya `led` basi ina hakika kwamba `argv[1]` ipo.

Hakika hiyo inasimama tu endapo mstari umekatwa vizuri kuwa maneno. `strtok`, fanksheni ya C ya kukata mstari, inaandika sifuri ndani ya bafa yenyewe, kwa hiyo ukiwa na historia ya amri, nakili mstari kwanza, la sivyo mshale wa juu utarudisha neno la kwanza peke yake. Kama umeruhusu hoja 8 bila kuhesabu jina, safu ya `argv` inahitaji nafasi 10, kwa sababu ya mwisho ni ya NULL, na ukaguzi wa nafasi ufanyike kabla ya kuandika. Hoja zikizidi, kataa mstari mzima. Kukata hoja za ziada kimya kimya ni hatari: amri iliyokusudiwa kuwa na sharti mwishoni itatekelezwa bila sharti.

Namba nazo ni kazi ya msaidizi mmoja wa pamoja, si ya kila fanksheni. `atoi("abc")` inarudisha 0, na kwa amri ya kasi ya mota au anwani ya kumbukumbu 0 ni thamani halali kabisa. Namba ikizidi ukubwa wa `int`, kiwango cha C hakisemi kitatokea nini. Tumia `strtol`, weka `errno` kuwa 0 kabla, hakikisha pointa ya mwisho imesogea na imefika kwenye `'\0'`, kisha kagua mipaka yako mwenyewe. Na ukitoa besi 0 ili upokee `0x40`, kumbuka kwamba `010` itasomwa kama oktali, yaani 8. Anayezoea kujaza sifuri mbele ya namba ataweka thamani asiyoitaka na hataona kosa lolote.

Kutafuta jina hakuhitaji ujanja. Pitia jedwali kutoka juu hadi chini kwa `strcmp`. Amri mia moja zinapitiwa kabla kidole cha mtumiaji hakijaachia kitufe cha Enter. Shida huingia watu wanapotumia `strncmp`. Ukilinganisha kwa urefu wa jina la kwenye jedwali, `ledxyz` inakubaliwa kama `led`. Ukilinganisha kwa urefu wa alichoandika mtumiaji, `re` inaangukia `read` au `reset` kutegemea ipi imeandikwa juu. Siku mtu akipanga jedwali upya kwa alfabeti, maana ya amri inabadilika mkononi mwa mtumiaji.

Vifupisho vyenyewe si vibaya. U-Boot, programu inayowasha bodi kabla ya mfumo endeshi, inavikubali pale tu vinapoangukia amri moja, na huo ndio utaratibu sahihi: hesabu zinazolingana, zikiwa zaidi ya moja, zitaje zote na ukatae. Lakini script iliyoandikwa leo kwa kifupisho itavunjika kesho amri mpya ikiongezwa, kwa hiyo kwenye script andika jina zima. Na kwa amri za kufuta au kuandika flashi, dai jina zima hata kwa binadamu. Ndiyo kazi ya `JINA_KAMILI` pale juu.

U-Boot ina mfano mwingine ninaouheshimu. Makro yake `U_BOOT_CMD` inataka jina, idadi ya juu ya hoja, kama amri inaweza kurudiwa, fanksheni, matumizi na msaada. Hilo la kurudiwa linahusu Enter kwenye mstari mtupu. `md`, inayoonyesha kumbukumbu, inarudiwa, na inaendelea kutoka ilipoishia. Amri ya kufuta haipaswi kurudiwa kwa sababu mtu amegusa Enter. Angalia usalama huo ulipowekwa: ni sehemu moja ya ufafanuzi, anayeongeza amri hawezi kuikwepa, na kitafsiri kinaitii.

Sasa, jedwali likae wapi? Moja la kati kwenye faili moja, au kila faili litangaze amri zake na linka, programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa, iziokote? Njia ya pili inapendeza kwenye maelezo: unaongeza faili, amri inatokea. U-Boot inafanya hivyo kwa sababu ina mamia ya amri zinazowashwa na kuzimwa kwa kila bodi. Kwa programu ya amri thelathini nasema usifanye, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, chaguo la linka la `--gc-sections` linatupa kila kisichotajwa na yeyote, na ingizo la amri halitajwi na yeyote. Unahitaji `__attribute__((used))` ili kompaila isiliondoe, na `KEEP` kwenye script ya linka. Pili, msimbo wako ukiwa ndani ya maktaba ya `.a`, hata `KEEP` haisaidii: linka haichukui faili ya maktaba ambayo hakuna jina lake linalohitajika, kwa hiyo ingizo halifiki kabisa. Dawa ni `--whole-archive`, au kutaja kwa makusudi jina moja la faili hilo. Katika hali zote mbili hakuna ujumbe wa kosa. Amri haipo tu.

Ya tatu ndiyo inayokula siku nzima. Ukiweka miundo yenyewe kwenye sehemu ya linka na kuipitia kama safu, unategemea kwamba imepangwa bila mapengo. Muundo wetu kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 40. GCC kwenye x86-64 inaweza kuanzisha vitu vya baiti 32 na zaidi kwenye anwani zinazogawanyika kwa 32, kwa hiyo ingizo la pili linaanza baiti ya 64, wakati kitanzi chako kimerukia ya 40. Unasoma pengo kana kwamba ni amri. Kwenye bodi, ambako muundo ni baiti 20, kila kitu kinafanya kazi. Majaribio ya kwenye kompyuta ndiyo yanayoanguka, na watu hulaumu majaribio. Ikikulazimu kutumia njia hii, weka ndani ya sehemu hiyo pointa za miundo, si miundo. Pointa hazina pengo.

Kati ya njia hizo mbili kuna ya tatu ninayoipenda kwa miradi ya wastani: orodha moja ya makro kwenye faili la `amri.def`, inayosomwa mara mbili, kwanza kutangaza fanksheni, kisha kujaza jedwali. Bash, shell ya mifumo ya Unix, ina mtindo wa jamaa na huo, ambapo amri zake za ndani zimeandikwa kwenye mafaili ya `.def` yanayochakatwa na programu ndogo, `mkbuiltins`, kabla ya kukompaili. Redis, tangu toleo la 7.0, inaandika ufafanuzi kwa JSON na msimbo wa C unazalishwa kutoka humo. Ubaya wa makro ni kwamba ujumbe wa kosa unaelekeza mahali pasipoeleweka, kwa hiyo kila mstari wa orodha uwe mfupi.

Aina ya fanksheni iwe moja kwa amri zote, na usiilazimishe kwa kasti. Kuita fanksheni kupitia pointa ya aina nyingine ni kuvunja kiwango cha C, hata kama kwenye mashine yako inaonekana kwenda. Mabano matupu `()` kabla ya C23 yalizima ukaguzi wa hoja. Andika `(void)` au orodha kamili. Na `mazingira` isiondolewe kwa kisingizio kwamba leo kuna terminali moja tu ya siriali. Ndani yake kuna fanksheni ya kuchapa na hali ya kipindi. FreeRTOS+CLI haina kitu hicho: amri inajaza bafa na kurudisha `pdTRUE` kama ina zaidi ya kusema, ikiitwa tena. Kumbukumbu inabaki na kikomo, hilo ni zuri, lakini amri yenye majibu marefu inalazimika kukumbuka ilipofika kwa `static`, na terminali mbili zikiitumia pamoja majibu yanachanganyika.

Kwa kuwa ufafanuzi ni data, unaweza kukaguliwa. Andika jaribio linalopitia jedwali: kila jina lipo, halina nafasi ndani, halijarudiwa, `kitendo` si NULL, `min` haizidi `max`, `max` haizidi nafasi za `argv`, `matumizi` inaanza na jina lenyewe. Ni mistari isiyofika thelathini na inakamata makosa ya kunakili na kubandika, ambayo kwenye jedwali ndiyo mengi. Sharti la mwisho lina thamani yake, maana ndilo linalogundua `matumizi` ya `led` iliyobaki chini ya amri mpya.

Jina likishatoka kwa watumiaji, usilifute. Likibadilika, acha ingizo la zamani likielekeza kwenye fanksheni ile ile, lipe bendera ya `IMEFICHWA` ili `help` isilionyeshe, na script za watu ziendelee kufanya kazi. Gharama yake ni baiti 20 pamoja na herufi za jina na za `matumizi`.