Misaada baada ya Oktoba 29: ikatwe wapi, iachwe wapi

Desemba 2, 2025, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alihoji watu wa nje wanaoielekeza Tanzania la kufanya wao ni kina nani. Siku chache kabla ya hapo, Bunge la Ulaya lilikuwa limepitisha azimio zito kuhusu mauaji yaliyofuatia uchaguzi wa Oktoba 29, na fedha za Umoja wa Ulaya kwa serikali yetu zikawa hatarini kuzuiwa. Siku mbili baada ya hotuba hiyo, Marekani ilitangaza kuwa inapitia upya uhusiano wake na Tanzania.

Kilichowafikisha wahisani huko kinajulikana. Tundu Lissu wa CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na chama chake kilienguliwa kwenye uchaguzi. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo, chama kingine cha upinzani, hakuruhusiwa kugombea urais. Siku ya kura intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, vijana wakapigwa risasi. Mshindi alitangazwa kwa asilimia 97.66. Hata waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya umoja huo.

Swali la Rais linastahili jibu la kweli, maana lina historia ndefu katika jiji hili. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada iliyobaki. Desemba mwaka huohuo akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Nchi maskini ilikubali kukosa fedha kuliko kupangiwa msimamo. Anayesema leo kwamba msaada hauwezi kununua uamuzi wa Watanzania anasimama juu ya jambo ambalo wazazi wetu walilipia.

Lakini Mwalimu aliacha pauni zile kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia waliokuwa wakinyimwa haki na serikali ya walowezi wachache. Heshima ya nchi ilitumika kuwatetea wanyonge, tena wa nchi nyingine. Leo heshima hiyohiyo inatumika kuwazuia watu wasiulize waliouawa mitaani ni wangapi na nani alitoa amri. Siwezi kuyaona mambo haya mawili kuwa sawa.

Hoja ya pili ya wanaopinga misaada kukatwa ni undumilakuwili, na hii ina uzito zaidi. Misri hupata kutoka Marekani takriban dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kila mwaka. Agosti 2013 vikosi vyake viliua mamia ya waandamanaji katika uwanja wa Rabaa, Cairo. Marekani ilizuia sehemu ya msaada Oktoba mwaka huo, kisha Machi 2015 ikaurejesha. Misri ina Mfereji wa Suez na mkataba wa amani na Israel, na uzito huo ulishinda uzito wa waliokufa. Mtanzania akiona hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini sisi tubanwe. Jibu langu ni kwamba Misri nayo ilipaswa kubanwa, na mapema kuliko sisi. Upole kwa Cairo haumpunguzii maumivu mama wa Dar es Salaam ambaye mwanawe hakurudi nyumbani. Ila mhisani anayemvumilia rafiki mwenye nguvu na kumbana rafiki mdogo anampa mtawala hoja ya bure, na mtawala ataitumia.

Je, kukata misaada kunasaidia? Tunayo mifano ya karibu. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Malawi walisoma makanisani waraka wa kuukosoa utawala wa Kamuzu Banda. Mei mwaka huo wahisani walisitisha misaada mipya isipokuwa ya kibinadamu. Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni, vyama vingi vikashinda, na mwaka uliofuata Banda akaondoka kwa kura. Kenya nayo ilizuiliwa misaada Novemba 1991, na Desemba Rais Moi akafuta kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Moi alishinda uchaguzi wa 1992 na damu ilimwagika Bonde la Ufa, kwa hiyo ushindi ule haukuwa kamili.

Sasa tutazame kwetu. Machi 2016 MCC, shirika la misaada ya maendeleo la serikali ya Marekani, lilisitisha mpango wa dola milioni 472, zaidi kwa ajili ya umeme. Sababu zilizotajwa ni uchaguzi wa Zanzibar, uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa bila upinzani mkuu, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Fedha tulizikosa, matokeo ya Zanzibar yakabaki palepale. Mikutano ya hadhara ya vyama ikaja kupigwa marufuku hadi Januari 2023. Serikali ya Rais Magufuli ikajenga bwawa la umeme Rufiji kwa fedha za ndani, na kila nguzo ya bwawa lile ikawa ushahidi kwamba tunaweza bila wao.

Tofauti iko wapi? Malawi na Kenya wananchi walikuwa wameshasimama, wahisani walikuwa kauli moja, na walichodai kilikuwa kimoja kinachoeleweka: ruhusuni vyama vingi. Mwaka 2016 adhabu ilikuja baada ya uchaguzi wa marudio kukamilika, na hakuna aliyeeleza serikali ifanye nini hasa ili fedha zirudi.

Tena nani anaruhusiwa kudai? Januari 2020 Zitto Kabwe, kiongozi wa ACT-Wazalendo, aliiandikia Benki ya Dunia akiomba mkopo wa elimu wa dola milioni 500 uzuiliwe, na mojawapo ya sababu ilikuwa wasichana wenye mimba kufukuzwa shule. Aliitwa msaliti na akatishiwa. Mkopo uliidhinishwa Machi 31 mwaka huo, na wasichana wakaruhusiwa kurudi shule za serikali Novemba 2021 tu, chini ya Rais mwingine. Naelewa hasira ya mzazi aliyeona madarasa yakichezewa. Lakini deni lile litalipwa na Watanzania wote, akiwemo binti aliyefukuzwa. Raia akihoji masharti ya deni atakalolipa hajamsaliti mtu.

Ninachoogopa zaidi ni mkato wa jumla, maana tumeshauonja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake duniani kote, kwa sababu zisizohusu haki za Watanzania, wahudumu wa jamii waliolipwa na miradi ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, walisimamishwa kazi, na watu wanaochukua ARV (dawa za kufubaza VVU) kwenye CTC, yaani kliniki za VVU, wakaishi kwa hofu ya dawa kuisha. Hakuna waziri aliyekosa dozi. Bajeti ya 2025/26 ni kama shilingi trilioni 56.5, na zaidi ya theluthi mbili yake ni mapato ya ndani. Serikali itavumilia mkato huo. Mgonjwa wa Mbagala hana akiba ya kuvumilia.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mafunzo na vifaa vya polisi na jeshi visimame kwanza, bila mjadala mrefu. Kisha fedha zinazoingia moja kwa moja Hazina, pamoja na miradi mipya ya kupigiwa picha. Dawa, chanjo na chakula cha wakimbizi viendelee. Na masharti yaandikwe kwa Kiswahili na kutangazwa: uchunguzi huru wa mauaji, walio mahabusu kwa siasa waachiwe au wasikilizwe hadharani, miili irudishwe kwa familia.

Mpango huu nao una tundu, nalo ni kubwa. Baada ya uchaguzi wa Ethiopia wa 2005, ambapo waandamanaji 193 waliuawa, wahisani waliacha kuipa fedha serikali kuu na kuzielekeza kwenye huduma za wilayani. Miaka mitano baadaye Human Rights Watch ilieleza jinsi viongozi wa mitaa walivyotumia mbegu, mbolea na chakula kuwabana wasio wa chama tawala. Ukipitisha fedha kwenye asasi za kiraia nako kuna kizuizi: kanuni zetu za 2018 zilizitaka asasi kuwasilisha serikalini mikataba ya wafadhili inayozidi shilingi milioni 20. Hivyo anayetaka kuacha dawa na kukata silaha hana budi kufuatilia dawa hizo hadi dirisha la kituo cha afya, na kuweka njia ya mgonjwa kulalamika pasipo kupitia kwa mjumbe wa nyumba kumi wa chama tawala. Kazi hiyo ni ghali kuliko kutia saini barua ya kusitisha kila kitu, na ndiyo ambayo wahisani wengi wamekuwa wakiikwepa.